"Umekula?" Swali ambalo wasafiri wengi wa kikazi hulijibu kwa uongo

Saa tatu usiku, chumba cha gesti, Makambako. Baridi kali. Simu inaita, ni nyumbani. Baada ya salamu linakuja swali lile lile: "Umekula?"

"Nimekula."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekula karanga za kufungwa kwenye karatasi, biskuti na soda moja. Nililijibu swali hilo hivyo hivyo kwa karibu miaka minne, nilipokuwa afisa mauzo nikizunguka Morogoro, Iringa, Njombe na Mbeya. Si kwamba sikuwa na pesa. Hoteli ya chakula ilikuwa ng'ambo ya barabara na wali ulikuwepo. Sikujisikia tu kwenda kukaa mezani peke yangu.

Kama wewe ni dereva wa lori, mkaguzi wa hesabu, fundi wa minara ya simu au mtu wa mauzo, hali hii unaijua. Wiki mbili nje, siku tatu nyumbani, halafu begi linafungwa tena. Watu wanakuonea wivu kwamba unazunguka nchi. Hawajui kuwa unazunguka nchi ukila chipsi.

Hakuna anayekuita mezani

Nyumbani chakula kinakuita chenyewe. Unasikia harufu ya kitunguu, mtoto anatumwa kuja kusema "baba, karibu chakula", hata kama huna njaa unanawa mikono na kukaa. Safarini hakuna anayekuita. Ukifika saa nane mchana hujala, hakuna atakayejua.

Kwenye basi ndiyo kabisa. Gari linasimama Ruaha Mbuyuni, au Korogwe kama unaelekea kaskazini, kondakta anapiga kelele "dakika kumi na tano!" Nusu ya muda huo unaisha kwenye foleni ya choo. Unachukua chipsi kuku, unapanda, unakula boksi likiwa mapajani huku jirani yako wa siti akiangalia dirishani kwa adabu. Na tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, kituo cha chakula kinaweza kukukuta saa nane za usiku. Unakula kwa sababu gari limesimama, si kwa sababu una njaa.

Halafu kuna suala la malezi. Wengi wetu tumekulia kwenye sinia moja au ugali mmoja uliozungukwa na mikono. Anayekula peke yake tulifundishwa kumwita mchoyo. Ndiyo maana hata leo ukiwa na sahani yako na mtu akapita, mdomo unasema "karibu" wenyewe, naye anajibu "asante, endelea". Sasa mtu wa malezi hayo umkalishe peke yake kwenye meza ya viti vinne, anatazama mlango kama vile kuna mtu anakuja.

Kwa wanawake ni ngumu zaidi. Wenzangu wa kike kazini walinieleza kwamba mji mdogo usiku, sehemu nyingi zenye chakula cha moto ni baa. Mwanamke akikaa peke yake, haijaisha dakika tano, soda inaletwa ambayo hakuiagiza. "Umetumiwa na yule kaka pale." Wengi wanaona bora kununua mkate na kufunga mlango wa chumba. Huo si uvivu wa kwenda kula, ni kujilinda.

Si Tanzania peke yake

Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2025 iliweka sura nzima kuhusu watu kula pamoja. Ilieleza kuwa Marekani, kwa takwimu za mwaka 2023, karibu mtu mmoja kati ya wanne alikula milo yake yote ya siku iliyotangulia akiwa peke yake. Wasafiri wa kikazi ni sehemu ndogo tu ya hao, lakini sisi tulifika huko mapema.

Wajapani wao wameligeuza kuwa burudani. Wana hadithi ya katuni iitwayo Kodoku no Gurume, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1994 na kuwa tamthilia ya televisheni mwaka 2012. Mhusika wake mkuu ni mfanyabiashara anayezunguka kikazi. Kila kipindi anamaliza shughuli, anashikwa na njaa, anatafuta mgahawa, anakaa peke yake na kula. Basi, hakuna zaidi, na watu wanaangalia. Nilichokiona pale ni kwamba yule bwana anapokula, anakula kweli. Anachagua, anatazama sahani, anaonja. Hana simu mkononi.

Sisi simu ndiyo mwenza wetu wa mezani. Na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mtafiti wa Marekani, John de Castro, alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watu wakila pamoja kwa kawaida hula zaidi kuliko mtu akiwa peke yake. Kwa hiyo ungetegemea msafiri apungue uzito. Lakini uchambuzi mmoja wa mwaka 2013 uliokusanya tafiti 24 ulikuta kwamba mtu anayekula huku akili iko kwingine, kwa mfano kwenye televisheni, hula zaidi wakati ule, na baadaye huongeza zaidi, kwa sababu hakumbuki vizuri alichokula. Ukiwa unapitisha video huku mkono unaingia kwenye boksi, chipsi zinaisha bila taarifa.

Hakuna shahidi

Nikiangalia nyuma, nadhani tatizo kubwa halikuwa upweke wenyewe. Lilikuwa ni kukosa shahidi. Nyumbani mke wangu angesema "hiyo soda ya tatu leo". Mama angesema "mbona mboga hujagusa?" Njiani unaweza kukaa siku nne bila jani la kijani na hakuna wa kukuambia.

Shahidi huyo ana kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Chukua dawa za maumivu. Mtu ameendesha siku nzima, mgongo unauma, anameza diklofenaki au ibuprofeni juu ya kahawa tu, kesho tena, keshokutwa tena. Tumbo likianza kuwaka anasema ni njaa. Mtaani tunaamini kukaa na njaa ndiko kunakoleta vidonda vya tumbo. Kitaalamu visababishi viwili vikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori na hizo hizo dawa za maumivu zikitumiwa mara kwa mara. Waliogundua habari ya bakteria huyo, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kwa hiyo ukiona tumbo linakusumbua kila safari, usijitibu kwa maziwa. Nenda kapime.

Na kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, kuchelewa kula si jambo dogo kabisa. Sukari inaweza kushuka ukiwa kwenye siti ya basi, ukatoka jasho na kutetemeka, na jirani akadhani umelala au umelewa. Beba kitu chenye sukari mfukoni, si kwenye begi lililo chini ya gari. Na mwambie hata mtu mmoja safarini.

Najua pia habari ya posho. Mtu amepewa pesa ya kujikimu siku kumi, nyumbani ada ya mtoto inadaiwa, anaamua kuishi kwa mhogo wa kuchoma ili arudi na kitu. Simlaumu, nimefanya hivyo. Ila siku moja nilipiga hesabu ya soda mbili, biskuti na karanga za gesti, nikakuta hazipishani sana na sahani ya wali maharage kwa mama lishe. Nilikuwa najinyima bila kubakiza chochote.

Nilichobadilisha

Kwanza niliuhamisha mlo mkubwa kutoka usiku kwenda mchana. Sababu ni mbili na zote ni za kawaida. Mchana chakula cha mama lishe ndiyo kimetoka jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye ubaridi, na kama kinasubiri kuliwa kikae kwenye moto unaozidi nyuzi 60. Ule wali wa saa tatu usiku umepikwa saa ngapi? Hujui. Siku hizi nafuata mvuke, sifuati bango. Wasafiri wana msemo kwamba palipopaki malori mengi ndipo penye msosi mzuri. Kuna ukweli ndani yake, kwa sababu wateja wakiwa wengi sufuria haikai, ingawa mara nyingine madereva wanasimama pale kwa sababu tu pana nafasi ya kupaki.

Sababu ya pili ni benchi. Kwa mama lishe mchana hupewi meza, unaambiwa "sogea kidogo hapo, kaka". Unabanwa kati ya bodaboda na mwalimu. Chumvi inapita mbele yako. Mtu anaanza Simba na Yanga, na kabla sahani haijafika katikati umeshaulizwa wewe upande gani. Hukuomba urafiki, lakini hukula peke yako pia. Hotelini, kwenye kitambaa cheupe na meza ya watu wanne, hilo halitokei.

Jioni nikabakiza kitu chepesi, ndizi mbivu na mayai mawili ya kuchemsha, na simu. Safari hii si ya video za kupita. Naiegemeza kwenye chupa ya maji, napiga nyumbani wakati na wao wanakula. Binti yangu, wakati huo ana miaka mitano, alijifanya bwana afya. "Baba, geuza simu tuone sahani. Mboga ziko wapi?" Huwezi kumwambia "nimekula" mtu anayeona sahani.

La tatu lilikuja lenyewe. Pale Makambako, karibu na stendi, kuna mama mmoja niliyekula kwake mara tatu mfululizo kwa sababu ya mvua tu. Safari ya nne hakuniuliza nataka nini. Aliweka wali, maharage, mchicha mwingi, na pilipili pembeni kwa sababu aliona huwa naitoa. Baadaye akachukua namba yangu. Nikiwa njiani ujumbe unaingia: "Mgeni wangu leo unapita? Nikuwekee?" Ukishajibu ndiyo, huwezi tena kununua biskuti Igawa, kuna mtu anakusubiri.

Kuna siku basi letu kutoka Mbeya liliharibika njiani. Nikafika Makambako saa tatu usiku, nikijua ameshafunga. Na kweli alikuwa amefunga. Mlinzi wa duka la jirani akaniita kwa jina, akaingia kwenye kibanda chake na kutoka na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Maharage yalikuwa ya baridi, na zile saa mbili za Shirika la Afya Duniani zilikuwa zimepita zamani. Nilimkaribisha, akasema "asante, endelea", kisha akavuta kigoda akakaa karibu. Nilikula yote.