“Ndoki” si tusi la kuzoea

Wamama, katika Mangobo, Tshopo na Lubunga watoto wanaitana “zoba” na “yuma” kama vile wanasalimiana. Sisi walimu tunayasikia kila siku. Tusi likizoeleka halichomi tena. Mtoto anatafuta lililo kali zaidi, anatukana mama wa mwenzake, na ngumi zinaanza.

Lakini “ndoki” halizoeleki. Tunamrushia mtoto neno hilo kwa hasira, sababu amevunja sahani, na jirani amesikia. Siku ugonjwa au kifo kikiingia kwenye lupango, neno linarudi, mtoto anafukuzwa. Wamo wanaolala sokoni kwa ajili yake. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumsingizia mtoto uchawi, hata kwa mzazi wake. Sahani imevunjika? Tuongee juu ya sahani.