Kijani Ni Nini? Manufaa ya Kimazingira ya Ujenzi wa Kijani na Suala la Istilahi: Mifano ya Rwanda na Uganda

Ikisiri
Makala haya yanafafanua manufaa ya kimazingira ya majengo ya kijani kwa kurejelea mifano ya Rwanda na Uganda, kisha yanaonesha namna istilahi za Kiswahili zinavyoweza kuyadhihirisha au kuyaficha manufaa hayo. Hoja kuu ni kwamba ukijani wa jengo hutokana na asili ya vifaa vyake, moto uliovitengeneza na nishati litakayoitumia. Hautokani na rangi wala bustani.

1.0 Utangulizi
Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, kilikabidhiwa pia wajibu wa kubeba sera za nchi hiyo. Mwaka 2019 Rwanda ilianzisha mfumo wa masharti ya chini ya majengo ya kijani. Uzito wa suala hili hauna shaka: kwa mujibu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, mwaka 2021 sekta ya majengo na ujenzi ilichangia takribani asilimia 37 ya hewaukaa inayotokana na nishati na michakato ya viwanda duniani. Hivyo basi, neno linalotaja njia ya kupunguza madhara hayo linapaswa kueleweka kwa mshauri wa sera na kwa fundi mwashi vilevile.

2.0 Manufaa ya Kimazingira
Manufaa ya kwanza yamo katika vifaa. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri lenye joto la takribani nyuzi 1,450 za Selsiasi. Hata tanuri hilo likiendeshwa kwa nishati safi, jiwe lenyewe hutoa gesi: kila kilo 100 za kalsiamu kaboneti zikichomwa hutoa kilo 44 za hewaukaa. Tofali la kuchoma nalo, katika sehemu nyingi za Maziwa Makuu, hutegemea kuni, na kwa hiyo gharama yake hulipwa na misitu.

Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa kaskazini mwa Rwanda mwaka 2011, ina kuta za mawe ya volkano ya eneo hilohilo. Hospitali ya upasuaji wa watoto ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2021, ina kuta za udongo ulioshindiliwa, uliochimbwa palepale kiwanjani. Vifaa hivyo havikupita tanurini, wala havikusafirishwa kutoka mbali.

Manufaa ya pili huonekana jengo linapotumika. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole mchana na kuliachia usiku, hivyo ndani hubaki na hali ya wastani. Butaro hutegemea zaidi mkondo wa hewa ya asili; Entebbe, paneli za jua zilizotandazwa juu ya paa huzalisha umeme na papo hapo hulitia jengo kivuli. Manufaa ya tatu huja mwishoni: udongo usiochanganywa na saruji hurudi ardhini bila kuacha kifusi.

3.0 Istilahi na Athari Zake
Istilahi "jengo la kijani" ni tafsiri sisisi. Katika matumizi ya kawaida, kijani huashiria majani. Kwa hiyo jengo la vioo linalopozwa kwa viyoyozi kutwa nzima laweza kuitwa la kijani kwa sababu tu limepandwa maua.

Tatizo la pili ni la ndani zaidi. Kiswahili huita tofali lisilochomwa "tofali bichi", kana kwamba ni kitu ambacho hakijakamilika, na katika lugha ya mipango, "nyumba ya kudumu" huelekea kumaanisha ya saruji na tofali la kuchoma. Msamiati huo huweka juu kile ambacho mazingira huweka chini. Kinyarwanda kina neno "rukarakara" kwa tofali hilo la udongo, nalo halilitaji kwa upungufu wake. Matumizi yake mijini yameruhusiwa kwa masharti ya viwango. Masharti hayo ni ya lazima, kwa kuwa adui wa udongo ni maji: tofali hilo huhitaji msingi wa mawe na upenu mpana.

4.0 Hitimisho
Si lazima istilahi "jengo la kijani" iachwe, kwani imekwisha kuenea. Linalohitajika ni kila waraka wa sera kuifafanua kwa maswali matatu: vifaa vimetoka wapi, vimechomwa kwa nishati gani, na jengo litahitaji nishati kiasi gani katika maisha yake? Aidha, wanaistilahi wa ukanda huu wanashauriwa kupendekeza "tofali la udongo" badala ya "tofali bichi", na kuipima "nyumba ya kudumu" kwa uimara wake badala ya aina ya vifaa vyake. Pasipo marekebisho hayo, masharti yanayokusudiwa kupunguza hewaukaa yanaweza kutimizwa kwa rangi na maua, huku matanuri yakiendelea kuwaka.