Sauti ya Baba Aliye Somalia

Tangu Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka na kuingia Somalia, wamezaliwa watoto ambao baba zao huwajua kwa simu. Askari husifiwa, mama anayekesha na mwana peke yake hatajwi.

Nasi wanaisimu tuna la kusema hapa. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliozungumziwa Kichina na mtu aliyeketi nao walijifunza kupambanua sauti za lugha hiyo. Waliotazamishwa au kusikilizishwa kanda hawakuambulia kitu. Basi ujumbe uliorekodiwa, hata uchezwe mara ngapi, hautamfunza mchanga lugha ya babake. Mtoto hutaka kujibiwa anapobwabwaja. Ikiwa baba ni Mturkana na mama ni Mtaita, Kiturkana kitamfikia mwana kwa kinywa cha nyanya au ami aliye karibu. Baba naye apigapo simu (mtandao ukimruhusu) asihutubu. Angoje mwana atoe sauti, kisha aijibu.

Mwalimu wa chekechea akimpokea mtoto kama huyo, asikimbilie kumlaumu mama. Aulize kwanza ni nani anayezungumza naye kutwa.