Presha ya Bosi, Presha ya Tarishi

Mtaani presha bado huitwa ugonjwa wa wakubwa: vikao, simu zisizokatika, kitambi. Tarishi anayezungusha mafaili hudhaniwa yu salama, maana hana la kuamua. Kumbe kutokuwa na la kuamua ndiko kunakomuumiza.

Mwaka 1967 watafiti walianza kuwafuatilia wanaume wapatao 18,000, watumishi wa serikali jijini London. Hawakuwa mafukara hao. Walikuwa na ajira ya uhakika, na hospitali za umma ziliwatibu bila malipo. Hata hivyo matarishi na mabawabu walikufa kwa ugonjwa wa moyo takriban mara tatu ya maofisa wa ngazi ya juu kabisa. Ni kweli walivuta sigara zaidi. Lakini sigara, shinikizo la damu na lehemu, hata vikijumlishwa, havikueleza nusu ya tofauti hiyo.

Utafiti wa pili, ulioanza 1985 na safari hii wanawake wakiwemo, ukauliza jambo ambalo sisi madaktari hatuna mazoea ya kuuliza: kazini kwako una usemi gani? Wasio na usemi ndio walioonekana kuugua moyo zaidi miaka iliyofuata. Tangu 1979 Mmarekani Robert Karasek alikuwa amekwishasema kwamba wingi wa kazi peke yake si tatizo kubwa. Kinachomchakaza mtu ni kazi nyingi asiyoruhusiwa kuipanga.

Mwili ukitishika humwaga homoni za kupambana: moyo huenda mbio, sukari hupanda, mishipa hubana. Tishio likipita, hutulia. Kwa asiye na usemi halipiti. Linalala kidogo tu, likaamka naye alfajiri.

Mtazame deiwaka, dereva wa kutwa wa daladala. Hesabu ya tajiri imepangwa kabla hajawasha gari. Foleni ni yake, faini ni yake, na kesho gari lenyewe huenda akalikuta na mwingine. Nikimwambia apunguze mawazo, ni kama namtania. Nikimwandikia kidonge cha presha kinachoongeza mkojo, maelekezo ni yale yale ya kila mgonjwa: meza asubuhi. Yeye atataka kujua ajisaidie wapi kati ya Mbagala na Kariakoo, abiria wakiwa wamejaa hadi mlangoni. Basi kidonge hubaki mfukoni mpaka gari lilale.