Brashi ya vipodozi nayo huoshwa

Dada msomaji, uso wako unaoshwa kila unapotia udhu. Je, brashi unayopakia poda uliiosha lini? Ndani ya nywele zake hubaki mafuta ya ngozi, jasho, vumbi na masalia ya vipodozi, na humo bakteria huzaliana. Huweza kuleta chunusi, na kwa brashi ya macho, maambukizi ya macho.

Ioshe walau mara moja kwa wiki. Lowesha nywele zake tu kwa maji ya uvuguvugu, tia shampuu kidogo, zungusha taratibu kiganjani, kisha suuza mpaka maji yatoke safi. Usiiloweke nzima wala kuisimamisha ikiwa bado imelowa, kwani maji huingia kwenye shina, gundi ikaachia na nywele zikang'oka. Ikamue kwa taulo safi, ilaze mahali penye hewa mpaka ikauke kabisa.

Tahadhari zaidi siku ya harusi, ambapo brashi moja huzunguka kwa bibi harusi, dada na mashangazi. Ugonjwa wa macho mekundu huhama kwa njia hiyo. Kila mmoja awe na yake, hasa ya wanja. Na aliyeugua macho, kipodozi cha macho alichotumia akiwa mgonjwa akitupe, hata kama kilikuwa cha bei kubwa. Jicho halinunuliwi dukani.