Macho na Usimamaji wa Kijana

Kijana mwenye afya asimamapo wima hudhani kwamba kazi yote yafanywa na miguu. Sivyo. Hata ajikaze namna gani, mwili wake huyumba kidogo daima, na ubongo huurekebisha kwa habari zitokazo pahali patatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Edinburgh, David Lee na mwenziwe Lishman, walichapisha habari za majaribio ya chumba kilichoning'inizwa. Sakafu ilitulia, kuta ndizo zilizosogezwa, tena kwa kadiri ndogo. Watu wazima waliosimama humo waliyumba kuzifuata kuta, ingawa sakafu waliyoikanyaga haikutikisika. Yaani jicho liliushinda mguu!

Jambo hilo lina uzito kwa vijana waashi wanaopanda majukwaa marefu. Jicho hutambua kuyumba kwa kutazama vitu vilivyo karibu. Vilivyo mbali havionekani kusogea. Basi aliye juu, mbele yake pakiwa patupu, hukosa kipimo hicho, na kizunguzungu kikimjia si woga tu, kama wenzake wapendavyo kumcheka. Ajishikize, akazie macho ukuta ulio karibu naye.

Giza likiingia hali huzidi kuwa mbaya, kwani hapo hata ukuta wa karibu hauonekani. Msimamizi anayewabakiza vijana jukwaani baada ya magharibi, bila taa, ili kazi imalizike, anawahatarishia maisha.