Kopo la Supu na Vichwa vya Saluni

Ukishuka kivukoni Kamanga ukitokea Mwanza mjini, hujamaliza kupanda kilima umeshapita katikati ya maonyesho ya picha ambayo hayakatiwi tiketi. Duka limepakwa rangi ya kampuni ya simu kuanzia msingi hadi kenchi. Ukutani mwa saluni kuna vichwa vilivyochorwa kwa mkono, kila kimoja na mkato wake, na kimojawapo ni cha mwanamuziki wa Marekani aliyepewa masikio ya mtu mwingine. Mama anayesubiri boti amejifunga kanga yenye sura ya mgombea wa uchaguzi uliopita.

Ughaibuni, vitu vya namna hii viliingia kwenye nyumba za sanaa kwa mabishano makali. Mwaka 1956, jijini London, Richard Hamilton alikata picha za magazeti ya Marekani akazibandika zikawa sebule iliyofurika bidhaa: televisheni, kopo la nyama, mashine ya kufyonza vumbi. Waingereza walikuwa wametoka juzi tu kwenye mgawo wa chakula, uliofutwa 1954, kwa hiyo matangazo yale waliyatazama kwa mate mdomoni. Sanaa ya pop ilizaliwa hapo, kwenye tamaa ya watu waliokuwa wakichungulia dirishani kwa jirani tajiri. Kule Marekani kwenyewe ilikuwa ni shibe. Julai 1962 Andy Warhol, aliyekuwa akila kwa kuchora matangazo ya viatu, alionyesha Los Angeles turubai 32 za kopo la supu ya Campbell's, moja kwa kila ladha, zikiwa zimepangwa kama kwenye rafu ya duka. Muuza sanaa wa jirani akapanga makopo yenyewe dirishani kwake, akatangaza kuwa kwake ni bei poa.

Mvuto wa kwanza wa sanaa hii unaeleweka haraka: picha haihitaji kusomewa. Aliyewahi kununua supu amekwisha kuielewa. Mvuto wa pili ndio ulioleta ugomvi, nao ni kurudia. Heshima ya mchoro ilikuwa kubaki mmoja tu duniani. Warhol akaanza kuchapa picha kwa skrini ya hariri, na Marilyn Monroe alipofariki Agosti mwaka uleule, akaichapa sura yake safu kwa safu, wekundu ukiwa umeteleza nje ya mdomo, naye akauacha hivyohivyo.

Anayenunua kanga anaujua mtelezo huo. Kila rangi ina skrini yake. Kitambaa kikisogea kidogo tu mashineni, midomo inahamia shavuni. Nimeziona kanga za Barack Obama, zilizotoka aliposhinda 2008, rais akiwa na ukingo wa bluu nje ya taya kama kivuli kilichochelewa. Mwenye duka alizitenga akaziuza kwa bei ya kutupa. Mwanza haikuwa mgeni wa kazi hii: pamba ya Usukumani ilifumwa na kuchapwa hapahapa kwenye kiwanda cha nguo cha MWATEX, ikatoka kanga na vitenge, sura ileile maelfu kwa maelfu, na hakuna aliyeona kwamba mama wa pili kuivaa ameipunguzia hadhi.

Ndiyo maana huwa sielewi lawama wanayotupiwa wachoraji wa Tingatinga, eti wananakiliana. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta, ileile ya kupaka baiskeli, kwenye vipande vya ubao wa dari. Alikufa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea na chui wake, na mteja akimtaka yuleyule wa jana, anachorewa yuleyule. Warhol naye aliita karakana yake kiwanda, akawa na wasaidizi wa kuchapa. Kwake kurudia kuliitwa wazo; kwetu kumeitwa uvivu. Ni upendeleo mtupu.

Nisizidishe ufanano, lakini. Warhol alikuwa na jicho baridi. Huwezi kujua kama anaisifu supu au anaicheka. Fundi wa mabango hana nafasi ya ubaridi huo. Chupa ya soda anayoichora ukutani lazima itamaniwe, matone ya baridi na yote, la sivyo mwenye duka halipi. Anachora miraba ya chaki ukutani, anachora mingine kwa penseli juu ya picha ya kalenda, halafu anahamisha mraba kwa mraba. Masikio hupotea kwenye mistari ya kuungania. Chini, pembeni, anaandika namba yake ya simu, nayo ndiyo sahihi.

Siku hizi mabango ya plastiki, yaitwayo flex, yamemnyang'anya kuta nyingi. Picha inatoka mjini imeshachapwa, masikio yako sawa, rangi inapauka kwa jua la ziwani. Kilichobaki mikononi mwake bila mpinzani ni mitumbwi, jina na namba ya usajili ubavuni, kwa sababu flex haishiki kwenye ubao unaolowa kutwa.